Muswada Uliopita Tukiwa Matangani

Karatasi ikilowa ziwani, usiikunjue. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mlishike, nyinyi mnaoanza kazi za ofisi sasa, hata kama karatasi zenu siku hizi zinakaa ndani ya simu. Ukiikunjua ikiwa mbichi inachanika kwenye mikunjo, na mikunjo ya karatasi za serikali ina tabia ya kupita katikati ya maneno yenye maana. Iache ilivyo, iweke kati ya vitenge viwili vikavu, uikalie mpaka boti ifike. Mimi nimezikalia sheria nyingi za nchi hii kabla hazijawa sheria, na baadhi zilifika kwa wananchi zikinuka dagaa.

Nilikuwa tarishi, yaani mtu wa kupeleka barua na nyaraka za ofisi. Nilianza kwa kufagia na kuchemsha chai katika ofisi moja hapa Kigoma. Shule niliiacha darasa la sita, baba alipofariki na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nikabaki na wadogo wawili: Adela, ambaye aliolewa Uvinza mapema, na Leonsi, aliyekuwa bado anatambaa. Mama aliniachia neno moja tu, nisikubali watugawane. Ndugu walipokuja na mipango yao, huyu aende Kasulu, yule abaki Mwanga, nikasimama mlangoni nikasema hapana. Walicheka, wakasubiri nishindwe. Sikushindwa, ingawa kuna wiki tulizokula muhogo asubuhi na muhogo jioni, na katikati tukauzungumzia.

Kazi ya utarishi niliipata kwa sababu aliyekuwa nayo alikuwa mtu mzima anayeogopa maji. Alianza kutapika boti ikiwa bado imefungwa Kibirizi. Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa na imani yake kwamba watu wa mwambao nao wana haki ya kuona sheria zinazopendekezwa kabla Bunge halijazipitisha. Kwa hiyo kila muswada uliochapishwa na kutufikia, mimi nilipanda boti ya abiria pale Kibirizi, nikabandika nakala Mwamgongo, nikaendelea hadi Kagunga karibu na mpaka, nikabandika nyingine kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.

Gundi nilipika mwenyewe. Ni unga wa muhogo na maji, unakoroga kama uji wa mgonjwa. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutojua kwamba mbuzi nao wanaupenda. Mara yangu ya kwanza Mwamgongo nilibandika muswada wa kurasa nane, nikala samaki wangu, niliporudi kuaga nikakuta ukurasa mmoja na nusu. Mwenyekiti wa kijiji alinitazama akasema kwa upole kwamba kama ofisi inataka maoni ya wananchi, mbuzi wameshatoa ya kwao. Tangu hapo nikawa natia majivu na mafuta ya taa kidogo. Mbuzi wananusa, wanaondoka.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na aliyenisahihisha ni Mzee Rajabu. Huyu alikuwa karani wa masjala, chumba kile cha majalada, mtu wa Ujiji wa kanzu safi na Kiswahili kilichonyooka, ambaye alijua jalada lolote lilipo bila kuinuka kitini. Nilirudi kutoka Kagunga nikamweleza kwa kujisifu kwamba nimewatangazia watu sheria mpya, na wengine wameanza kuitii.

"Sheria gani?" akaniuliza.

"Hii ya nyavu, mzee."

"Binti yangu, umewatangazia watu harusi, na barua ya posa bado iko mfukoni mwa mshenga."

Siku hiyo alichukua kasha la jalada kuukuu akachora vyumba vitano nyuma yake. Cha kwanza, muswada unachapishwa na kusomwa Bungeni mara ya kwanza, jina tu. Cha pili, unakwenda kwenye kamati ya wabunge, na hapo ndipo mwananchi anaweza kupeleka maoni. Cha tatu, unasomwa mara ya pili na kujadiliwa. Cha nne, wanaupitia kifungu kwa kifungu, kisha unasomwa mara ya tatu na umepita. Cha tano, Rais anatia saini. Akachukua kokwa la chikichi, akaliweka chumba cha kwanza. Toka siku ile kila muswada ulikuwa na kokwa lake, na kila Mzee Rajabu aliposikia habari redioni aliinuka akalisogeza. Watu waliingia masjala wakadhani tunacheza bao.

Alinifundisha pia kusoma muswada kuanzia nyuma. Mbele, alisema, wanaeleza nia njema, na nia njema hazijawahi kumkamata mtu. Adhabu ziko nyuma. Miswada ilikuwa kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kiliishia kwenye majina ya wanyama, kwa hiyo yeye aliandika muhtasari wa Kiswahili nusu ukurasa, nami niliubandika juu ya kurasa zenyewe. Watu walisoma nusu ukurasa ule. Sikumbuki mtu aliyefunua kilicho chini, isipokuwa mbuzi.

Nawaambia haya ya kuchekesha kwanza kwa sababu yanayofuata hayachekeshi, na nimeyabeba peke yangu muda mrefu.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi wa vita vya ng'ambo ya mpaka. Wengine walivuka kwa miguu kupitia milimani, wengine kwa mitumbwi, na Kagunga ndiyo iliyowapokea kwanza. Lakini lazima mwelewe kwamba mpaka ule, kwa watu wa Kagunga, haukuwa kitu kikubwa. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Watu walioana huku na huku tangu zamani, na mke aliyetoka ng'ambo alihesabiwa kuwa mke tu, kama mwingine yeyote. Hakuna aliyemwandikisha popote.

Leonsi alikuwa amekua, akaenda Kagunga kufanya kazi ya dagaa, na huko akamwoa Spesioza. Alitoka ng'ambo miaka kadhaa kabla ya vita, akiwa msichana, akaja kukaa kwa shangazi yake. Nilipopelekewa habari nilikasirika siku mbili, kisha nikaenda kumwona. Alinikuta nikipika gundi yangu nyuma ya ofisi ya kijiji, akainama juu ya sufuria.

"Wifi, huu uji ni wa nani? Mbona mbaya hivi?"

Nikamwambia ni wa serikali.

"Basi serikali imekosa mpishi," akasema, akaninyang'anya mwiko.

Tangu siku ile yeye ndiye aliyepika gundi kila nilipofika Kagunga. Neno lake la kila saa lilikuwa "nta kibazo", Kirundi chao cha kusema hakuna tatizo. Mvua ikinyesha ndani, nta kibazo. Leonsi akirudi bila kitu, nta kibazo. Walipata mtoto wa kike wakampa jina la mama yetu, Kristina. Nilikuwa nikilala kwao naona kwamba ile kazi aliyoniachia mama nimeifikisha mahali pake.

Ndipo ukaja ule muswada. Ulihusu watu waliokimbia nchi zao. Mzee Rajabu aliusoma kuanzia nyuma kama kawaida, akavua miwani, akaivaa tena. Akaniambia kuna kifungu kinachosema mtu wa nchi ile asiye na karatasi za ukaazi akae kambini, asikae penginepo, na anayemweka nyumbani kwake naye ana kosa. Nikauliza, na aliyeolewa je? Akasema amemtafuta huyo kwenye kurasa zote, hayumo.

"Hawakumkataa," akasema. "Hawakumfikiria. Huko waliko hawajui kwamba yupo. Kamati inapokea maoni wiki mbili. Waambieni."

Nilipofika Kagunga na habari hiyo, watu hawakupiga kelele. Walikaa chini ya paa la mnada wa samaki tukaandika barua kwa mkono wangu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeonekana mtu wa ofisi. Tulibishana sana, mwishoni ombi lote likawa maneno manane ya kuongezwa kwenye kifungu kile: isipokuwa aliyeolewa na mwenyeji kabla ya sheria hii. Wakakubaliana kwamba kila nyumba yenye mke wa ng'ambo iweke dole. Nyumba zilikuwa kumi na saba.

Jumatatu asubuhi nilianza upande wa kusini wa kijiji na kidau changu cha wino. Watu walinawa mikono kabla ya kuweka dole, kama wanaokwenda kula. Kufika saa sita nilikuwa na madole kumi na sita. Nyumba ya mwisho upande wa kaskazini ilikuwa ya Mzee Balthazari, mvuvi mstaafu, na mkewe Mama Skola, ambaye ndiye mke wa ng'ambo wa zamani kuliko wote Kagunga. Alikuwa amekaa pale zaidi ya miaka thelathini. Barua bila jina lake ingekuwa kama chakula bila chumvi. Nilipokaribia nikasikia kilio. Mzee Balthazari alikuwa amekata roho muda huo huo.

Nilifika hadi mlangoni. Nilimwona Mama Skola amekaa sakafuni, kichwa kimefungwa, wanawake wanaingia. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nikaikunja nikairudisha kwenye mfuko.

Msiniulize kwa nini kama nyinyi ni watu wa kwetu. Nyumba ya msiba haipelekewi kazi. Kijiji kizima kinaacha ziwa, mitumbwi inalala mchangani, hakuna anayedai wala kudaiwa, wala anayewasha redio. Kumwekea mjane wino kwenye kidole na mumewe bado hajaoshwa, nani angenisamehe? Nikapiga hesabu. Matanga yangeanuliwa Alhamisi. Kokwa lilikuwa chumba cha pili, wiki mbili zilikuwa zimebaki karibu zote. Nikakaa, nikachota maji, nikamenya muhogo na wengine.

Nilikuwa na redio ndogo ya ofisi ndani ya mkoba. Leonsi alikuja Jumanne akaniuliza kama nimesikia chochote. Nikamwambia redio haiwashwi matangani.

"Tungeenda nayo ufukweni, dada, kule mbali."

"Leonsi, kuna maiti."

Akageuka akarudi kukaa na wanaume. Mimi ndiye niliyemlea kuheshimu msiba, angesema nini.

Alhamisi matanga yakaanuliwa. Mama Skola alinawa, akaweka dole bila kuuliza neno. Ijumaa mchana nilikuwa masjala, barua imefungwa ndani ya nailoni mbili, kavu kabisa. Nilijivunia ukavu wake. Mzee Rajabu hakuipokea. Alikuwa ameliweka kasha la jalada mbele yake na kokwa lilikuwa chumba cha nne.

"Uliletwa kwa hati ya dharura," akasema.

Hiyo sikuwahi kuisikia. Akanieleza kwamba serikali ikiona jambo haliwezi kusubiri, inaomba hatua zote zipite katika mkutano mmoja, na ndivyo ilivyo kwenye kanuni, si hila. Redio ilitangaza Jumatatu jioni. Kamati ilikaa Jumatano. Alikuwa ametuma ujumbe Kibirizi niambiwe nirudi, lakini boti za kaskazini zilikuta Kagunga haishushi wala haipakii, kijiji kiko msibani, zikapitiliza.

"Umesomwa mara ya tatu jana, Vero. Kama ungekuwa hapa Jumanne, barua ningeituma kwa faksi, ingefika kabla hawajakaa."

Aliituma hata hivyo. Alisimama mbele ya mashine ile akiingiza kurasa moja moja, yale madole yote, na hakuna kati yetu aliyesema tunafanya nini.

Vijana wamewahi kuniuliza kama ninawalaumu wabunge. Nimejaribu, ingekuwa nafuu. Lakini mtu hawezi kujibu barua iliyo matangani. Tena sijui kama maneno yale manane yangekubaliwa. Pengine wangeyasoma na kuyaweka kando. Hilo ndilo linalonitafuna: sitajua kamwe. Ningekataliwa ningekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Sheria ilipotiwa saini ilikuja na boti ileile, nami ndiye niliyepaswa kuibandika. Nilifikiri kumpa mtu mwingine kazi hiyo. Nikaona kwamba kama kuna mtu atakayemsomea Spesioza maneno yale, basi awe mimi. Nilifika Kagunga nikakusanya kuni nipike gundi mwenyewe kwa siri, lakini akauona moshi. Alikuja na mtoto mgongoni, akanyoosha mkono nimpe mwiko. Nilimwambia aache, leo nitapika mwenyewe.

"Wewe unaunguza," akasema, na akapika. Akatia majivu, akatia mafuta ya taa, akaonja kwa kidole kama alivyozoea kunitania, akatema. Alijua karatasi ile ni ipi. Kijiji kizima kilijua. Nikapaka, nikabandika, yeye akashikilia kona ya chini isikunjike.

Wake wa ng'ambo walipewa siku kadhaa za kujiandaa. Wengine walivuka milima kurudi walikotoka wakati vita havijaisha. Wengine waume zao waliwaficha, wakaishi kwa kushtuka kila mbwa alipobweka. Leonsi hakutaka kumficha mkewe. Alisema atakwenda naye kambini. Nilimwambia yeye ni mwenyeji, ana haki zote, na kambi si mahali pa mwenyeji. Nilimwambia mtoto abaki kwangu. Nilizungumza sana siku ile, mimi ambaye niliwahi kushindana na ukoo mzima.

"Dada," akasema, "wajomba walipokuja kutugawana, mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Wewe ndiye umenisimulia. Sasa unataka nifanye walichotaka kufanya wao?"

Nikachukua kamba nikamsaidia kufunga mabunda. 

Siku ya boti yao nilifika Kagunga asubuhi, na kwenye mkoba nilikuwa na majibu ya barua yetu, yaliyoingia ofisini juzi yake. Yalikuwa majibu ya adabu. Yalisema maoni ya wananchi wa Kagunga yamepokelewa baada ya kamati kumaliza kazi, yanathaminiwa, na yatahifadhiwa yaangaliwe sheria hiyo itakaporekebishwa. Kazi yangu ilikuwa kuyafikisha kwa walioandika, na walioandika nusu yao walikuwa wamekaa mchangani juu ya mabunda yao. Nikasoma kwa sauti. Mtu mmoja alishukuru, kwa mazoea. Spesioza alikuwa anamfunga Kristina skafu. Alinitazama mpaka nikamaliza kusoma, nikasubiri aseme lile neno lake. Hakulisema.

Waliondoka wote watatu. Kutoka kambini nilipata barua mbili za Leonsi, ya pili ikisema wanahesabiwa warudishwe ng'ambo na kwamba ameandikishwa pamoja nao, kwa sababu hakuna aliyemwuliza yeye ni wa wapi. Baada ya hapo sikupata kitu. Nimeuliza kwa wavuvi, kwa mapadri, kwa madereva wa malori. Adela huniambia niache. Yeye bado anao watoto wa kumtazama.

Niliendelea na kazi mpaka nilipostaafu. Niliwahi kuulizwa niliwezaje kurudi kwenye ubao ule. Sikuwa na kazi nyingine, na miswada ilikuwa inazidi kuja, na lazima mtu aibandike. Sasa mnaipata kwenye simu siku ileile inaposomwa, kwa Kiswahili, na mnaweza kutuma maoni mkiwa mmekaa. Naona mnavyoipitisha kwa kidole gumba mkitafuta mpira. Siwalaumu. Mimi nilikuwa na barua mkononi.

Lakini sijawaambia bado la pwani ile. Mama Skola alikuwa naye anaondoka. Sheria haikumjua kama mke, na kwa sababu mumewe alikuwa kaburini hakuwepo hata wa kumtetea. Alikuwa na bunda moja na kiti cha Mzee Balthazari cha kukunja. Watu walipoanza kuingia botini nilimsogelea nimshike mkono, nikamwomba radhi kwamba barua ilichelewa kwa sababu nilisubiri matanga yake yaishe. Nilidhani namwambia jambo la heshima. Nadhani nilitaka anishukuru.

Aliliweka bunda lake mchangani.

"Nilikuona siku ile," akasema. "Ulisimama mlangoni na karatasi. Balthazari alikuwa ameniambia asubuhi yake, Vero akija uweke dole, hata kama nimelala. Nikawa nakutazama, nakusubiri uingie."

Kisha akaomba nimshikie kiti apande.